Mto wa kulalia kambini ukinywea usiku, usikimbilie kiraka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niijibu makala mliyochapisha kuhusu kupunguza mzigo kwa watu wanaosafiri kwa miguu na kulala kwenye mahema. Mwandishi wake alieleza mengi kwa umakini, na kuhusu viatu na sufuria sina neno. Lakini alipofika kwenye mto wa kujaza upepo aliumaliza kwa sentensi moja, akisema kwamba ni anasa, kwamba hunywea kabla ya alfajiri, na kwamba mtu mwenye busara hukunja jaketi lake akalilalia. Nami niliamini hivyo kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nimekosea, na namna nilivyokosea ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na uzito, maana ndiko shutuma ilikoanzia. Mto mwepesi wa aina hii hutengenezwa kwa kitambaa chembamba cha nailoni au poliesta kilichopakwa utando usiopitisha hewa. Mingi huwa na uzito wa kati ya gramu 50 na 100, na ukishatolewa upepo na kukunjwa hutoshea kiganjani. Gramu 100 ni uzito wa desilita moja ya maji, yaani mafunda machache ambayo msafiri huyamaliza kabla hajafika kwenye kona ya kwanza ya njia. Sibezi hesabu za gramu, kwani najua mzigo huelemea kwa kujumlisha vitu ambavyo kila kimoja, kikiwa peke yake, kilionekana chepesi. Hata hivyo, kitu kinacholaliwa kwa saa saba au nane kila usiku kinastahili kupimwa kwa zaidi ya mizani.

Shutuma ya kunywea ndiyo nzito zaidi, nayo naijua kwa ndani. Usiku wangu wa kwanza na mto wa namna hiyo ulikuwa mlimani, mahali ambapo joto lilishuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Niliupuliza kwa nguvu zangu zote hadi ukawa mgumu kama mpira wa miguu, nikafunga vali, nikajilaza. Saa tisa usiku niliamka shavu likiwa karibu kugusa godoro. Nikawasha tochi, nikausogeza mto usoni nione kama kuna mahali panapotoa upepo, nikaubonyeza huku nimetega sikio, sikusikia chochote. Asubuhi nikabandika viraka viwili mahali ambapo macho yangu, yaliyojaa usingizi, yaliona mikwaruzo. Usiku wa pili ukanywea vilevile. Nilirudi nyumbani shingo upande, kwa maana zote mbili za maneno hayo.

Mto ulikuwa mzima tangu mwanzo. Pumzi tunayoitoa ina joto la karibu nyuzi 35 za Selsiasi, na ikifungiwa ndani ya mto kisha ikapoa hadi nyuzi 5, hupungua ujazo kwa takriban sehemu moja ya kumi, ingawa hakuna hewa yoyote iliyotoka. Sehemu moja ya kumi yaweza kuonekana ndogo. Lakini ugumu wa mto hutokana na ile ziada tu ya mgandamizo inayouzidi ule wa hewa ya nje, na baridi inapoingia, ziada hiyo ndiyo inayotoweka kwanza. Kwa hiyo mtu huona kitu kilichovuja, kumbe ni kitu kilichopoa. Dawa yake ni kuupuliza mto mapema, wakati hema linasimamishwa, kuuacha nje ya nguo na mablanketi kwa nusu saa hivi, kisha kuuongeza pumzi mbili tatu kabla ya kulala. Dawa hiyo haiongezi hata gramu moja mkobani.

Kupanda mlima huleta jambo la kinyume chake. Kwenye kimo cha mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, hivyo mto uliofungwa ukiwa na upepo huko chini huvimba njiani na kuvuta maungio yake, ambayo kwa kawaida hayakushonwa bali yamegandishwa kwa joto. Msafiri na aubebe ukiwa mtupu, vali ikiwa wazi.

Mto unaovuja kweli pia upo, sikatai. Lakini kabla ya kutafuta tundu kwenye kitambaa, inafaa kuikagua vali, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikinasa chini ya kile kifuniko chembamba cha ndani inatosha kuutoa upepo wote taratibu hadi usiku wa manane; chembe kama hiyo nimewahi kuitoa kwa ncha ya jani la nyasi. Vali ikiwa safi, mto upakwe maji ya sabuni na kubonyezwa, na mahali panapotoa mapovu pawekewe alama, pakaushwe, pasafishwe kwa spiriti, ndipo kiraka kibandikwe. Niliyoyafanya mimi yalikuwa kubandika kwanza na kupima baadaye.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni upepo kuzidi. Watu huujaza mto kama gurudumu la baiskeli, kisha hulalamika kwamba ni mgumu, unateleza na kupiga kelele kila wanapogeuka. Kichwa hakilali juu ya mpira, kinahitaji bonde. Mimi sasa huujaza, najilaza ubavu katika mkao nitakaolala nao, halafu naifungua vali kidogo kidogo hadi sikio litulie ndani ya mto, pua ilingane na katikati ya kifua, na bega libaki juu ya godoro badala ya kupanda juu ya mto. Mara nyingi hilo hutokea mto ukiwa umebakiwa na upepo wa kama nusu yake. Anayelala chali huhitaji upepo mdogo zaidi. Godoro nalo lina kauli yake, kwani kwenye godoro nene la upepo bega huzama na mto hupaswa kuwa mfupi, ilhali kwenye godoro jembamba la sponji bega hubaki juu na mto hupaswa kuinuka. Ndiyo maana mtu anayeujaribu mto akiwa amesimama dukani, kwa kuuminya kwa vidole, hajajaribu kitu.

Kuhusu jaketi, mwandishi wenu ana haki kwa kiasi fulani. Nguo kavu zilizopangwa vizuri ndani ya mfuko laini hutoa mto mzuri, na nisingemlaumu anayetosheka nao. Tatizo ni kwamba usiku ukizidi baridi, lile jaketi lililo chini ya kichwa ndilo linalohitajika mwilini, na nguo zikiwa zimelowa mvua hakuna mto kabisa. Aidha, nguo hutawanyika. Zilizokuwa mlima saa tatu usiku huwa tambarare ifikapo saa nane. Mimi huchanganya: mto wenye upepo nusu chini, sweta moja juu yake, na vyote viwili nimevivika fulana. Fulana hiyo hunyonya jasho, huzuia ule mchakarisho wa plastiki, na huuzuia mto usiteleze. Mwenye mfuko wa kulalia wenye kofia anaweza kuuingiza mto ndani ya kofia hiyo, nao hautatoroka usiku kucha.

Yapo mengine madogo ambayo makala ingeweza kuyataja. Pumzi hubeba unyevu, na mto unaokunjwa ukiwa na unyevu ndani huota ukungu usioweza kufikiwa kwa kitambaa wala brashi. Ndiyo sababu wengine hutumia mfuko wa kujazia upepo unaouzwa pamoja na baadhi ya magodoro, iwapo mdomo wake unaoana na vali. Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET huharibu baadhi ya plastiki, kwa hiyo mtu asijipake usoni kisha akalalia mto mtupu. Mtoto mchanga asiwekewe mto huu, wala mto mwingine wowote laini, kwa sababu ya hatari ya kukosa hewa. Na mtu asidhani kwamba, kwa kuwa umejaa upepo, unaweza kumwokoa majini.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapochapisha makala za vifaa vya kambi, pamoja na uzito, tupeni unene wa mto ukiwa na upepo nusu na mtu akiwa ameulalia, maana kimo kinachoandikwa kwenye kifungashio kwa kawaida ni cha mto uliojaa na usio na kichwa juu yake. Na mwandishi wenu, ambaye kwa mengine namheshimu, naomba aulalie tena kwa usiku mmoja wa baridi, aongeze pumzi mbili baada ya nusu saa, kisha atuandikie. Viraka vyangu viwili bado vipo kwenye ule mto wa kwanza, ambao naulalia mpaka leo.

Wenu katika safari,
Msomaji wa ukurasa huu