Ben Daglish tumkumbuke kwa kupiga nyimbo zake

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Leo naandika kuhusu mtu ambaye wengi hawamjui kwa jina ila aliyecheza gemu kwenye Commodore 64, ile kompyuta ya zamani, anaweza kukuimbia kazi yake mwanzo mwisho, huyo ni Ben Daglish, mtunzi wa muziki wa gemu, Mwingereza aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2018 akiwa na miaka 52 tu. Kila ikifika tarehe hiyo watu wanaandika pumzika kwa amani wanaweka na picha, basi, wamemaliza. Mimi naona haitoshi kabisa. Mtunzi wa muziki anaenziwa kwa nyimbo zake kupigwa, na zisikilizwe kweli kweli.

Chukua gemu ya The Last Ninja ya mwaka 1987, muziki wake alitunga yeye na Anthony Lees. Ile kompyuta ina chipu ya muziki inaitwa SID na hiyo chipu ina sauti tatu, tatu basi, yaani ngoma na besi na melodi vyote vigombanie hapo hapo. Ukitaka kupiga noti tatu kwa pamoja umeshamaliza chipu nzima! Kwahiyo watunzi wa enzi zile walikuwa wanazikimbiza noti moja moja, kwenye mashine za Ulaya hadi mara 50 kwa sekunde, mpaka sikio linaona zimelia pamoja, ndo maana nyimbo zile zina ule mtetemo kama kengele ndogo. Na usifikiri walikuwa wanaburuta noti kwa mausi kama siku hizi, wengi waliandika muziki kama namba tupu, namba hii noti, namba ile urefu wake.

Juzi nimekaa na wimbo wake mmoja kwenye programu inayoiga ile mashine, nikazima sauti mbili nikaacha moja peke yake. Mhariri, nilirudia labda mara kumi. Sauti moja tu lakini inafanya kazi ya watu wawili, inagonga ngoma kidogo, inadaka besi, ngoma tena, na ukiwasha zile nyingine hushtukii kabisa kwamba kuna mtu anahangaika huko chini. Hapo ndo nilimuelewa Daglish kuliko tanzia zote nilizosoma.

Halafu kitu kinachonigusa zaidi, yeye mwenyewe alikuwa mpiga filimbi. Miaka ya baadaye alikuwa anapanda jukwaani na wenzake wanazipiga zile nyimbo za gemu kwa vyombo vya kawaida na yeye filimbi mdomoni. Na mimi napiga filimbi, najua ugumu wake, maana chipu haipumui, inaweza kutembea dakika nzima bila kusimama, wewe lazima utafute pa kuvuta pumzi bila kuukata wimbo. Siku niliyojaribu ukurasa wa kwanza tu wa melodi yake nilikaa na penseli natia alama hapa napumua, hapa hapana, nikawa namuwaza na yeye alivyokuwa anatafuta pumzi kwenye noti ambazo aliziandikia mashine.

Lalamiko langu ni moja. Kuna rimiksi nilikutana nayo, yaani wimbo wake uliopigwa upya, gita la umeme limepigwa vizuri mno, jina la gemu lipo, la aliyepiga lipo, la Daglish hakuna. Inauma. Jamani kama unapiga wimbo wa marehemu mtaje, ni maneno mawili tu. Na nyie wahariri hivyo hivyo, mkiandika habari ya gemu mnataja kampuni, mnataja grafiki, basi mtunzi wa muziki naye apate mstari wake akiwa bado hai ausome.

Mimi Oktoba 1 inayokuja nitaupiga ule wa The Last Ninja mzima, zile sehemu za kupumua nimeshazijua karibu zote, imebaki moja.

Ni mimi msomaji wenu, mpiga filimbi.