Usimpe Muuza Njugu Majarida ya Kushona

Kondele, Kisumu

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua imeanza na cherehani haipumziki.

Barua yako imenifurahisha hadi pale uliposema kwamba kabla hujahama Kakamega kwenda Nakuru, majarida yote ya kushona utampa muuza njugu afungie, maana siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Nekesa dada yangu, ngoja kwanza.

Simu ina faida zake, sikatai. Maelezo ya kutia zipu ya kujificha nayasoma humo, picha naivuta mpaka naona sindano imepita wapi. Zamani toleo kutoka Ulaya lilitufikia msimu wenyewe umeshapita. Sasa unalipa leo, unasoma leo. Kwa kutazama mitindo, simu imeshinda.

Lakini sisi hatutazami tu, tunakata. Ndani ya jarida la Burda kuna ile karatasi kubwa iliyokunjwa, michoro ya nguo nyingi imelaliana pande zote mbili. Mgeni akiiona anadhani ni ramani ya mji. Wewe unafuata mstari wako kwa kidole, unatandaza karatasi laini juu yake, unanakili, unaongeza sentimita moja na nusu za mshono, unakata. Kipimo ni kile kile kilichotoka kiwandani. Aenne Burda alianza kulichapisha mwaka 1950, Ujerumani ingali inajikongoja baada ya vita, ili mwanamke wa kawaida ajishonee nguo ya fasheni nyumbani kwake. Kufikia 1987 lilikuwa linatoka kwa Kirusi, Muungano wa Kisovieti ungalipo. Karatasi hiyo imefika mbali.

Mchoro wa dijitali nao unakuja vipande vipande vya A4. Gauni moja linaweza kula kurasa 30 na zaidi, kila moja unailipia saiba, kisha ukae sakafuni na gundi kuziunganisha. Hivi majuzi saiba moja hapa mjini walinichapia mchoro uliopangwa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana kidogo kuliko A4. Mashine ikaubana ili uenee. Kile kisanduku cha kupimia kinachochapwa pamoja na mchoro, kinachotakiwa kuwa sentimita 10, nilikiwekea rula kikasoma 9.7. Mtu atasema milimita tatu si kitu. Haya, kifua cha sentimita 100 kitakuwa 97, na mwenye gauni hataweza hata kukaa kitini. Kitenge sikukigusa, lakini pesa ya kuchapisha ilikuwa imeshakwenda.

Halafu kuna usajili ambao ukiacha kulipia, hata matoleo uliyokwisha kuyalipia huyaoni tena. Majarida ya karatasi ya mama yako hakuna wa kukuzuia kuyasoma. Tena yana penseli yake pembeni: hapa ongeza kiunoni, hapa punguza bega. Zile alama ni kazi ya miaka mingi, na hakuna mahali pa kuzinunua.

Kwa hiyo mitindo mipya tutaendelea kuifuata kwenye simu, na hata zile video za kukunja pindo unazonitumia usiache. Ya karatasi tuyatunze.

Kama nyumba ya Nakuru ni ndogo, nitumie mimi. Hakikisha kila karatasi ya michoro imo ndani ya jarida lake. Usizichanganye, maana namba za nguo zinajirudia toleo kwa toleo na hatutajua mkono ni wa blauzi gani. Angalia mchwa kwenye yale ya chini. Funga yote kwa nailoni nzito, katoni pekee haitahimili mvua hii, kisha mpe kondakta wa matatu ya asubuhi ya Kisumu na unipigie namba ya gari. Nauli ya mzigo ni juu yangu. Lile lenye gauni la mikono ya puto, lililochanika jalada, liweke juu kabisa. Harusi ya Bungoma ni Desemba na kitambaa nimeshanunua.

Wasalimie watoto na mama.

Wako,
Atieno