Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: programu za kuchora viungo kwenye tiba ya mionzi zipimwe kwa picha za wagonjwa wetu kwanza

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Tanzania, shikamoo.

Mimi nafanya kazi kwenye tiba ya mionzi, siku nzima niko mbele ya kompyuta nachora. Mgonjwa akipigwa siti skani ya kupangia tiba napata picha mia na zaidi, kila moja ni kipande chembamba cha mwili wake, na kwenye kila kipande nazungushia mstari viungo vya kukingwa na mionzi, yaani kibofu, utumbo wa haja kubwa, vichwa vya mifupa ya paja, alafu daktari anachora uvimbe wenyewe na mpango wote wa mionzi unafuata hiyo mistari. Mama mmoja wa saratani ya shingo ya kizazi anaweza kunichukua masaa mawili na nje kwenye benchi kuna wenzake wanasubiri. Kwahiyo akili mnemba inayochora kwa dakika chache mi naitaka, tena sana. Naomba tu kabla haijapewa kibali wala kununuliwa ipimwe hapa hapa kwetu.

Kuna programu tuliletewa tuijaribu. Nikaiwekea picha za mama ambaye uvimbe umeshakuwa mkubwa, amewekewa mpira wa mkojo, kibofu kimesinyaa. Ikachora kibofu mstari laini, msafi kabisa, ukiwa na haraka unapitisha. Nikashuka vipande kadhaa chini nikaona kale kaputo ka mpira wa mkojo, ambako lazima kawe ndani ya kibofu, kako nje ya mstari. Yaani ilichokizungushia ni uvimbe! Kitu tunachotaka kukipiga kimeandikwa kiungo cha kukingwa.

Na muuzaji alikuja na wastani wa 0.9 na kitu. Hicho kipimo kinaitwa Dice, kimetokana na Lee Dice, Mmarekani wa ikolojia, aliyekiandika 1945 kupimia viumbe vinavyokaa pamoja. Unachukua eneo ambalo michoro miwili imeingiliana, mara mbili, unagawa kwa jumla ya maeneo yote mawili, 1 ni sawasawa kabisa. Sasa kibofu kilichojaa chenye upana wa sentimita 8 ukikisogeza milimita 2 bado unapata zaidi ya 0.9, lakini neva ya jicho ina milimita 4 hivi, isogeze hizo hizo 2 zaidi ya nusu imepotea. Ukichanganya vyote ukatoa wastani, kiungo kidogo kinafichwa na kikubwa. Tuonyeshwe kila kiungo peke yake, na umbali wa pale mstari ulipokosea zaidi, na yule mgonjwa aliyetoka vibaya kuliko wote.

Shida nyingine ni picha ambazo hizi programu zinafundishiwa. TotalSegmentator, programu ya kuchora viungo ambayo ni nzuri na ya bure, ilitengenezwa kwa siti skani 1,204 za hospitali ya chuo kikuu cha Basel, Uswisi. Wagonjwa wetu wengi wanafika wamechelewa, maji yamejaa tumboni, figo zimevimba, wamekonda. Hata BraTS, mashindano ya programu za kuchora uvimbe wa ubongo, yaliyoanza 2012, ilibidi 2023 waweke kundi la Afrika kusini mwa Sahara kwa sababu hiyo hiyo, wagonjwa wanachelewa na picha hazina ubora ule.

Mheshimiwa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndio wanasimamia vifaa hivi, waambiwe wadai jaribio hili. Picha zitoke Dar na Mwanza, majina yafutwe ili kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wachoraji watatu wachore kila mmoja bila kuona ya mwenzake (sisi wenyewe hatufanani, lazima hiyo tofauti ijulikane kwanza), ndo programu ilinganishwe nao. Toleo jipya likija, jaribio lirudiwe upya.

Tukianza na wagonjwa 50 wa shingo ya kizazi, mimi niko tayari kuchora jioni baada ya zamu, na wenzangu wawili nimeshaongea nao wamekubali.