Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Klabu ya Sataranji

Ndugu wanachama,

Hesabu zetu mtazisikia kwa mweka hazina, na mafunzo ya vijana ya Jumamosi yameendelea bila kukatika. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotugawa mwaka huu: pambano la bingwa wetu na kompyuta.

Bingwa wetu alijiandaa wiki nyingi kwa programu aliyokabidhiwa. Kabla ya mchezo wa tatu, mwenzetu aliyekuwa akiiendesha kompyuta akaiongezea funguzi mpya, yaani mipango ya hatua za mwanzo za mchezo. Hakuvunja kanuni, kwa sababu kanuni haikuwepo. Lawama ni ya kamati, na kamati naiongoza mimi. Nawaomba wote wawili radhi.

Jambo kama hili si geni. Mei 1997, mjini New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo, alicheza michezo sita na Deep Blue, kompyuta ya sataranji ya kampuni ya IBM. Mwaka uliotangulia, huko Philadelphia, alikuwa ameishinda 4–2. Safari hii mashine ilikuwa imeongezewa nguvu, inapima mipangilio ya kete ubaoni ipatayo milioni 200 kwa sekunde, naye Kasparov hakupewa michezo ya mashine hiyo ya kujiandalia, ilhali michezo yake yeye, ya miaka yote, ilikuwa wazi kwa kila mtu. Wahandisi waliruhusiwa kuirekebisha mashine kati ya mchezo na mchezo. Mchezo wa pili Kasparov alikubali kushindwa katika nafasi ambayo wachambuzi walikuja kuonyesha kuwa ilikuwa na njia ya sare. Wa sita ulikwisha kwa hatua 19, baada ya mashine kumtoa farasi wake mhanga. Deep Blue ikashinda 3½–2½. Miaka mingi baadaye Miguel Illescas, grandmasta (cheo cha juu cha wachezaji wa sataranji) aliyekuwa kwenye timu ya Deep Blue, alisimulia kwamba mwendo ule wa kumtoa farasi waliuingiza kwenye mashine asubuhi ya siku ile ile. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bingwa wetu na sura aliyotoka nayo kwenye mchezo wa tatu.

Linganisheni na Bonn, mwaka 2006. Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati huo, alipewa mapema programu ya sataranji ya Deep Fritz aliyokuwa akicheza nayo, na wakati wa mchezo aliruhusiwa kuiona maktaba ya funguzi mradi mashine bado inaifuata. Alishindwa 4–2, na katika mchezo wa pili hakuona kwamba mashine ilikuwa hatua moja tu kumpiga mati, yaani kumfungia mfalme wake na kumaliza mchezo. Kosa lilikuwa lake, likabaki lake. Hicho ndicho ninachokitaka kwa wachezaji wetu: wakishindwa, wajue wameshindwa na nini.

Wapo wanaosema kanuni hazina maana siku hizi, kwa kuwa programu ya bure kwenye simu inamshinda bingwa yeyote wa dunia. Naheshimu hoja hiyo lakini siikubali. Kwa sababu hiyo hiyo tunacheza kwa kipunguzo, kompyuta ikianza bila farasi mmoja. Kipunguzo hupimwa kwa programu fulani, kwenye kompyuta fulani. Ukibadilisha kimojawapo usiku, kipunguzo tulichokubaliana kimekufa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mchezaji apewe programu ile ile, pamoja na maktaba yake ya funguzi na michezo yake ya majaribio, hata ile iliyoshindwa, siku 30 kabla. Nakala ibaki kwa mwamuzi. Pambano likishaanza, asiiguse mtu, isipokuwa imeharibika, na hapo itengenezwe mbele ya pande zote mbili.

Moja limetushinda kwenye kamati: je, mchezaji aruhusiwe kutumia kompyuta kujiandaa kati ya michezo? Mimi nasema ndiyo, maana programu yenyewe imetengenezwa kwa msaada wa kompyuta. Makamu wangu anasema hapo si mtu tena anayecheza. Tumelijadili mara tatu bila kuafikiana, kwa hiyo tunalileta kwenu. Rasimu mnayo mikononi, na kura itapigwa baada ya chai.