Mbane mtu kwanza, mkono baadaye

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niongee kuhusu vijana wetu wa judo na jiujitsu hapa Bukavu, juu kuna kitu kinaendelea kwenye sale zetu za mazoezi na hakuna anayekisema kwa sauti. Siku hizi kijana anaona kle ya mkono, ile ya kukaza kiungo mpaka mtu aombe aachiwe, kwenye telefone jioni, kesho yake antrenema (mazoezi) ikianza tu anairukia, anakamata mkono wa mwenzake anajiangusha mgongo chini anavuta kwa nguvu zote, na mwili wa yule mwenzake uko huru kabisa, hakuna aliyeubana. Hapo mwenzake anageuka kidogo anachomoa mkono na kumlalia, ama kiwiko kinaumia hata kabla hajapiga tatami, ule mkeka wa chini, kuomba aachiwe.

Hiyo ya pili ndo inaniuma zaidi. Mtu ambaye hajabana mwili hana silaha ingine isipokuwa haraka, lazima avute kwa kushtukiza juu anajua akichelewa mkono utamponyoka. Ila ukishambana vizuri haraka ya nini? Unapandisha kiuno polepole, yeye anasikia kiungo kinaanza kukaza, anapiga tatami, unaachia, na kesho wote wawili mnarudi antrenema.

Tuchukue juji-gatame, ile kle ya kulala chini na kuunyoosha mkono wa mwenzako katikati ya mapaja yako, wanayoipenda wote. Wengi wanaangaliaga mkono tu lakini kazi kubwa iko kwenye magoti na kiuno. Makalio yako yakae karibu kabisa na bega lake, ukiacha nafasi hapo atashusha kiwiko kwenye hiyo nafasi na kle imekufa. Magoti yanabana mkono wake, mguu mmoja unalemea kifua, mwingine unazuia uso asiinuke, visigino unavivuta chini, dole gumba lake linaangalia juu. Nimeona msichana mwembamba amemshikilia hivyo kijana anayebebaga magunia soko ya Kadutu, na yule kijana na misuli yake yote hakupata pa kutokea, na msichana wala hakuwa anavuta bado.

Kumkaba mtu ukiwa mgongoni mwake ni vilevile, kifua kigusane na mgongo, miguu imzunguke, ndo mkono uende shingoni. Na hapa msifanye mchezo, juu ukifunga damu ya shingo mtu anaweza kuzimika ndani ya sekunde kama 10, kwa hiyo lazima uwe unausikia mwili wake, ukilegea tu uachie.

Sheria zenyewe ziko upande huu. Kwenye judo ukimshikilia mtu mgongo chini sekunde 20 ni ippon, umeshinda na haujagusa kiungo chochote, na kle inaruhusiwa kwenye kiwiko peke yake. Jiujitsu ya Brazil inakupa pointi 3 ukipita miguu yake, 4 ukimpanda kifuani ama ukimchukua mgongo, lakini kle uliyojaribu ikakosa haikupi hata pointi moja. Hata Masahiko Kimura, yule Mjapani wa judo aliyepigana na Hélio Gracie, Mbrazil wa jiujitsu, kule Rio de Janeiro mwaka 1951, alimtupa, akamkandamiza chini, ndo akauchukua mkono. Gracie alikataa kusalimu amri mpaka watu wake wakasimamisha pambano, na ile kle inaitwa Kimura mpaka leo.

Na siye watazamaji pia tunakosea. Mtoto akishika mkono wa mwenzake tunapiga kelele "vunja! vunja!", akimshikilia chini kwa ufundi tunasema analala. Atajifunza nini hapo?

Mji huu ndo ulizaa Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo waliofika Olimpiki ya Rio 2016 na timu ya wakimbizi, vipaji tunavyo. Ninaomba wakufunzi wetu wawaache wanaoanza wafanye kushikilia na kushikilia tena, kwa muda mrefu, kle zije nyuma, na kijana anayevuta kwa kushtukiza akae pembeni siku hiyo hata kama ndiye bingwa wa sale. Na nyinyi wa ukurasa wa michezo, mkiandika matokeo msiishie kusema fulani ameshinda kwa kle, muandike pia alimbana vipi mpaka akaupata ule mkono.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu