Mtaro tunautaka, na fundi wa baiskeli pia tunamtaka

Mhariri,

Mimi ni mama wa miaka 61, mkazi wa Majengo hapa Mombasa, na kazi yangu ni kupika mahamri na mbaazi. Naandika kwa sababu ya banda moja la mabati lililoko kando ya njia yetu, futi sita kwa nane, ambalo wiki mbili zilizopita lilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Ni duka la fundi wa baiskeli. Tumeambiwa mtaro mpya utapita hapo, kisha juu yake ijengwe njia ya waendao kwa miguu, na kila kilichosimama kwenye mstari kiwe kimeondoka kufikia mwisho wa mwezi.

Mtaro nautaka. Novemba 2023, kwenye zile mvua za El Niño, maji yaliingia kwangu mpaka mvunguni mwa kitanda, na magunia mawili ya unga yakaharibika. Asiyeona haja ya mtaro Majengo hajapata kuamka usiku akakanyaga maji machafu chumbani mwake. Kwa hiyo asije mtu akanisoma akadhani napinga kazi hiyo. Ninachouliza ni kimoja: fundi akitolewa hapo, anakwenda wapi? Kwenye mchoro tulioonyeshwa mna mtaro, mna njia, mna nguzo za taa. Mahali pa fundi hamna.

Huenda msomaji akasema banda la baiskeli ni kitu gani. Basi nimweleze asubuhi yangu.

Naamka saa tisa na nusu usiku. Unga nimeshaukanda tangu jioni kwa tui la nazi, hamira na iliki. Adhana ya alfajiri ikilia, karai la kwanza limeshaepuliwa. Saa kumi na moja na nusu mpwa wangu anafunga sanduku kwenye keria ya baiskeli, ndani mna mahamri 240, anayapeleka Sparki, Makupa na Tudor kwenye vibanda vya chai vya watu wanaowahi kazini. Saa moja amesharudi. Hamri moja nauza shilingi 10. Siku ambazo baiskeli ililala nikamkodi mtu wa bodaboda kwa mzunguko huohuo, alinitoza shilingi 300, na nilipokaa kuhesabu nikakuta karibu yote niliyotarajia kubaki nayo siku hiyo imeishia kwake.

Baiskeli yenyewe ni ile nyeusi ya zamani, magurudumu ya 28, mbele spoku 32 na nyuma 40, ndiyo maana inaweza mzigo. Lakini hewa ya chumvi ya mji wetu haina huruma na chuma. Mnyororo ukikaa wiki bila mafuta unageuka mwekundu. Spoku huliwa na kutu taratibu, ikakatika moja. Zilizobaki zikabeba mzigo wa ile iliyokatika. Kesho yake ikakatika ya pili, ringi ikapinda, tairi likaanza kusugua fremu. Haya nimeyajua kwa kukaa kwenye benchi la fundi nikingoja. Huigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu huku ameshika kipande cha chaki karibu na ringi. Chaki inapogusa ndipo palipopinda. Anakaza spoku robo mzunguko upande huu, analegeza upande wa pili, anazungusha tena, na tena. Tyubu ikitoboka anaizamisha kwenye karai la maji atafute mapovu, anaikausha, anakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, kisha anangoja ikauke kabla ya kubandika kiraka. Wako wasiongoja, na viraka vyao hubanduka lami ikishashika moto wa saa sita. Pancha kwake ni shilingi 50. Watoto wakija kujaza upepo hawatozi kitu.

Kwenye benchi hilo hukaa muuza madafu, muuza mikate, mchuuzi wa samaki, na bawabu mmoja anayetoka Kisauni kila jioni kwa baiskeli, anavuka Daraja la Nyali kuja kulinda mjini. Wote hao ni watu ambao nauli ya kila siku ingewamaliza.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si mahamri yangu.

Nina jirani, bibi aliyekatwa mguu kwa maradhi ya sukari, anatumia kiti cha magurudumu. Alikipata kwa msaada, kiti kizuri, na kwa miezi minane kilimfikisha hata kwenye maulidi. Kisha tairi la nyuma likapasuka. Mwanawe alizunguka madukani siku tatu, jibu likawa lilelile, vipuri hamna, nunua kiti kingine. Bibi akakaa ndani wiki mbili, akitazama njia kupitia dirishani. Mpwa wangu ndiye aliyelibeba lile gurudumu akampelekea fundi. Lilikuwa la inchi 24. Fundi akafukua matairi ya baiskeli za watoto za mtumba, zile zinazoshushwa bandarini, akajaribu la kwanza likakataa, la pili likakataa, la tatu likaingia barabara. Akanieleza kuwa si kila 24 hulingana, hata kama namba iliyoandikwa ubavuni ni moja. Jioni ile bibi alitoka mpaka barazani kwangu akanywa chai, akalia, nami nikalia naye.

Sasa nasikia njia mpya itakuwa bapa, isiyo na ngazi wala mashimo, ili wenye viti vya magurudumu wapite bila shida. Jambo hilo nalishukuru kwa moyo wote, na bibi pia analishukuru. Ila kiti chake hakitapita kwenye njia hiyo mwaka mzima bila mtu wa kukitengeneza, na mtu huyo ndiye anayeondolewa ili njia ipite.

Fundi naye ana makosa yake, na mimi ni wa kwanza kumwambia. Kulikuwa na wakati alipanga baiskeli za watu mpaka katikati ya njia, mama mwenye mtoto mgongoni akalazimika kushuka barabarani penye tuktuk. Nilimgombeza mbele za wateja wake. Alinisikiliza akasema, "Nimekosa, mama, nisamehe." Kesho yake alichora mstari kwa rangi nyeupe chini, na tangu siku hiyo hakuna baiskeli iliyouvuka. Mafuta machafu pia alikuwa akimwaga mchangani. Siku hizi anayaweka kwenye dumu. Akipewa masharti ya usafi na ya nafasi, atayafuata. Leseni yake ya biashara ya kila mwaka imetundikwa ukutani, anayetaka aje aisome.

Banda hilo alianzisha marehemu babake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wa rika langu wanakumbuka Idi za utotoni, watoto walivyopanga foleni pale na senti zao kukodi baiskeli kwa nusu saa. Wavulana walikodi. Sisi wasichana tuliambiwa si mambo yetu, na mimi nilijifunza usiku uchochoroni kwa baiskeli ya kaka yangu, mguu nimeupitisha chini ya mtaimbo kwa sababu tandiko silifikii. Yule mzee alijua, na hakunisemea nyumbani. Kila nilipopasua tyubu alinizibia kimya kimya kabla kaka hajaamka. Fundi wa leo alizaliwa baadaye, nami nilimwona akikua humo bandani, kazi yake ya kwanza ni kumshikia baba pampu. Leo anafundisha vijana wawili, mmoja amemaliza kidato cha nne na alikuwa hana la kufanya ila kukaa maskani.

Wapo waliosema aende kwenye soko kubwa la Kongowea, kule kuna nafasi. Hebu tufikiri pamoja. Mwenye gari bovu huita gari la kuvuta. Mwenye baiskeli iliyopinda gurudumu huibeba begani. Kutoka Majengo mpaka Kongowea ni safari, kuna daraja la kuvuka, na akifika asubuhi imeshapotea na mkate umeshakauka. Fundi wa baiskeli hana faida asipokuwa karibu na watu wanaopanda baiskeli.

Kisiwa chetu ni kilomita za mraba kama 14 tu, tena tambarare. Hakuna mji uliofaa baiskeli kuliko huu, na bado kwenye barabara zetu hizi mwenye baiskeli hana hata ukanda wa hatua moja wa lami ulio wake. Mwaka jana kioo cha pembeni cha matatu kilimgonga mpwa wangu kwenye mkono karibu na mzunguko wa Makupa. Alianguka upande wa mtaro, alhamdulillahi, angeangukia upande wa pili nisingekuwa naandika habari za banda leo. Mkono ulikaa kwenye plasta wiki tano. Gari halikusimama. Ikiwa barabara zinachimbwa na kupangwa upya, huu ndio wakati wa kuukumbuka ukanda huo, maana lami ikishamwagwa tutaambiwa tungoje miaka mingine.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka barabara za kaunti, taa za njiani na usafiri wa umma mikononi mwa serikali za kaunti, na imesema pia wananchi washirikishwe. Tunachoomba wenzangu na mimi kinaweza kuingia kwenye mchoro kwa kalamu ya risasi. Mwisho wa njia yetu kuna pembe iliyo kando ya ukuta, ambayo kwa sasa ni jaa la taka. Mtaro haupiti hapo. Nimepima mwenyewe kwa hatua nikiwa na kijana mmoja wa fundi. Banda la futi sita kwa nane linaenea na nafasi ya kusimamisha baiskeli kumi inabaki. Majirani tumekubaliana kuzoa taka hizo sisi wenyewe Jumamosi moja. Fundi yuko tayari kulipia mahali. Kinachotakiwa ni mtu mwenye mamlaka aseme ndiyo, na aiandike, kabla ya tingatinga kufika.

Ningewaomba wahusika waje waone kabla hawajaamua. Wasije saa nne wakati watu wameshatawanyika. Waje saa kumi na mbili asubuhi, wakati foleni ya baiskeli iko pale kwenye mstari mweupe, kila mmoja anataka upepo au mnyororo ukazwe ili awahi. Kiti cha bibi kimerudi tena wiki hii, safari hii ni breki ya upande wa kushoto, na fundi amemwahidi kitakuwa tayari Ijumaa. Mimi nitakuwepo na chai na mahamri kwa yeyote atakayekuja.

Mama wa mahamri,
Majengo, Mombasa