Waliijuaje, kama haikai?

Dodoma,
Julai

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Mpwapwa? Huku hatujambo, ila upepo wa mwezi huu hauna adabu; naandika nimejifunga kitenge mabegani, na vumbi limeshaingia mpaka kwenye daftari za wanafunzi.

Lile swali la kijana wako wa kidato cha sita limenifurahisha: ikiwa plazima ya kwaki na gluoni (supu ya moto ya chembe zinazounda protoni na nyutroni, yaani kwaki, na gluoni zinazozishikamanisha) inatoweka papo hapo, waliijuaje kuwa ipo? Mpe hongera. Wengi wakiambiwa kwamba ulimwengu wote ulikuwa hivyo katika sehemu chache za mwanzo za milioni moja ya sekunde yake ya kwanza, wanashangaa tu na kupita.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeiona. Viini viwili vizito vya atomu vikigongana kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, joto linavuka nyuzi trilioni 2, zaidi ya mara laki moja ya joto la kitovu cha Jua. Protoni na nyutroni zinayeyuka, kwaki zinaachiana. Halafu, ndani ya muda wa kama sekunde 3 × 10⁻²³, kila kitu kinapoa na kwaki zinafungwa tena. Kinachofika kwenye vigunduzi ni maelfu ya chembe za kawaida kabisa. Kwa hiyo kazi yote ni ya upelelezi, na shida ya upelelezi unaijua: kila dalili ina mshukiwa zaidi ya mmoja.

Chukua J/psi, chembe iliyoundwa na kwaki ya chamu (aina moja ya kwaki nzito) na antikwaki yake. Wanafizikia Matsui na Satz walitabiri mwaka 1986 kwamba ndani ya plazima, hizo mbili hazitaweza kushikana, hivyo J/psi zitapungua. CERN, maabara ya Ulaya iliyoko Geneva, waligonganisha viini vya madini ya risasi, na zikapungua. Februari 2000 wakatangaza wana ushahidi wa hali mpya ya maada. Kwa maoni yangu walikuwa na haraka. J/psi hupungua pia zikikatiza tu kwenye kiini cha kawaida, na mabishano ya kiasi gani ni cha nini yaliendelea miaka na miaka. Baadaye, kwenye LHC, mashine ya CERN yenye nguvu zaidi, zikaonekana kupungua kwa kiasi kidogo kuliko kule Brookhaven, maabara ya Marekani! Maelezo yanayokubalika ni kwamba kwaki za chamu huko ni nyingi mno kiasi kwamba zinakutana upya mambo yakianza kupoa. Ni maelezo mazuri, lakini dalili inayosoma pande zote mbili si ya kupeleka mahakamani peke yake.

Mimi nilishawishika na RHIC, mashine ya Brookhaven huko New York, iliyoanza kugonganisha dhahabu mwaka 2000. Kwaki mbili zikipigana kwa nguvu hurushwa pande mbili zinazotazamana, kila moja ikageuka kuwa jeti, yaani shada la chembe. Sasa ikitokea karibu na ukingo wa plazima, jeti moja inatoka nje moja kwa moja, nyingine inalazimika kukatiza katikati: ni kama bodaboda mbili zilizoachana kwenye kingo za korongo, moja ikashika lami na nyingine ikaingia mchangani. Kwenye migongano ya dhahabu iliyogongana uso kwa uso, jeti ya pili ilikuwa haionekani.

Hapo mshukiwa mwingine akajitokeza: huenda dhahabu yenyewe, hata kabla ya kugongana, ina gluoni zilizosongamana hivyo jeti zinazaliwa chache. Walichofanya mwaka 2003 ndicho ninachotaka wanafunzi wetu wajifunze. Walichukua dyuteroni, protoni moja na nyutroni moja tu, wakaigonganisha na dhahabu ileile. Kama tatizo liko kwenye dhahabu, jeti ya pili ingepotea tena. Haikupotea. Dhahabu ikaachiwa huru, akabaki yule aliyezaliwa baada ya mgongano, yaani plazima.

Mwaka 2005 wakaongeza la ajabu: kitu hicho hakikuwa gesi kama walivyotarajia wengi, kinatiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo mno.

Kinachosumbua sasa ni kwamba dalili hizi za mtiririko zimejitokeza hata pale zisipoalikwa. Mwaka 2010 CMS, moja ya timu za vigunduzi vya LHC, waliziona kwenye migongano ya protoni kwa protoni iliyotoa chembe nyingi, na mwaka 2017 ALICE, timu nyingine ya huko, wakaripoti dalili nyingine ya plazima kwenye migongano ya aina hiyohiyo: wingi wa chembe zenye aina ya kwaki iitwayo “ajabu” (strange). Msako umegeuka: wanauliza tone dogo kabisa la plazima ni dogo kiasi gani. Ndiyo maana Julai 2025 LHC iligonganisha oksijeni, yenye protoni na nyutroni 16 tu, wakati risasi ina 208.

Ule mchoro wa jeti nimeuchapisha steshenari nakala mbili, moja ni yako. Una vilima (kila kilima ni jeti) viwili kwa protoni kwa protoni, viwili kwa dyuteroni kwa dhahabu, na kimoja tu kwa dhahabu kwa dhahabu. Funika maandishi ya pembeni umuulize kijana mwenyewe ipi ni ipi, na kwa nini. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi Alhamisi.

Msalimie Baba Neema.

Wako,
Mama Baraka